Kimya cha Nchi Sita

Mabenki aliyoyakagua yalimwita Bi Rula, kwa sababu kila kosa alilipigia mstari kwa rula ya chuma aliyotembea nayo mkobani. Mameneja walimchekea usoni na kumsonya kisogoni. Yeye hakujali. Alikuwa na miaka ishirini na minane kazini kama mkaguzi wa serikali, alibakiza miwili astaafu, na hakuna aliyewahi kusema kwamba Bi Rula amenunuliwa hata kwa soda.

Jumatano moja rula ile ilisimama kwenye mstari uliotaja ghala moja. Benki ya bango la kijani, kama watu walivyoiita, ilikuwa na makao makuu nchi jirani na matawi katika nchi zote sita za Umoja. Ilikuwa imemkopesha mfanyabiashara mmoja wa pamba mamilioni, na dhamana ilikuwa ghala lake. Namba ya kiwanja cha ghala hilo Bi Rula alishaiona mahali. Akavuta taarifa za nchi jirani, akapekua, akaikuta: ghala lilelile, limewekwa rehani na huko. Akapekua za nchi ya tatu. Na huko pia. Ghala moja limebeba mikopo mitatu, na kila nchi ilitazama makaratasi yake tu, ikayaona safi, ikagonga muhuri.

Mchana uleule akaenda kulitazama kwa macho yake. Ndani alikuta popo, mizani yenye kutu na marobota machache ya pamba yaliyooza.

Sasa, Umoja ulikuwa na utaratibu wake. Kamati ya wasimamizi wa mabenki ilikuwa imeandaa taarifa kwamba benki ile ni imara. Kura haikupigwa, maana kura huleta uhasama. Taarifa ilitumwa kwa kila nchi, na kila nchi ikapewa mpaka Ijumaa saa sita mchana. Anayepinga aandike, asiyeandika amekubali. Nchi moja tu ikipinga, benki inazuiwa kupokea amana mpya mpaka ikaguliwe upya. Ni utaratibu mzuri sana kwa watu wasiopenda kugombana, na ndiyo maana ulipendwa.

Bi Rula aliandika pingamizi la kurasa mbili, akampelekea mkurugenzi wake. Mkurugenzi alilisoma lote, akavua miwani.

"Kazi safi, mama. Lakini benki ni ya kwao, sisi tuna matawi tu. Tukipiga kelele peke yetu, kesho watatukaba kwenye jambo lingine."

"Ghala ni tupu, bosi."

"Si kuna nchi mbili zina ghala hilohilo? Waache waseme wao." Akamrudishia kurasa zake. "Sikukatazi. Neno la siri la kuingilia kwenye mtambo wa kutumia pingamizi unalo wewe. Ila faili lako la kiinua mgongo litapita hapa mezani kwangu, na nisingependa tuagane vibaya."

Wakubwa hukataza hivyo, kwa kusema hawakatazi.

Alhamisi jioni mdogo wake alipita nyumbani kwake. Alikuwa fundi seremala, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vilichukuliwa na msumeno mkuukuu ambao bado alikuwa anautumia. Walizaliwa wawili tu. Fundi hakuwahi kukaa bure kwa dada yake, kwa hiyo alipiga magoti jikoni akaanza kukaza bawaba ya kabati aliyoitengeneza mwenyewe.

"Dada, nimeuza kile kiwanja alichoniachia mama. Nimeagiza mashine mpya, ile yenye kinga. Itafika baada ya miezi mitatu."

"Hongera."

"Pesa nataka niiweke pale kwenye bango la kijani mpaka mashine ifike. Jumatatu naipeleka. Riba yao nzuri." Aliendelea kukaza. "Wewe hawa watu unawajua. Kuna tatizo?"

Bi Rula alikuwa na kiapo cha siri, na kukivunja ni jela. Tena alijiambia hapana haja: kesho atapinga, na Jumatatu benki haitaruhusiwa kuipokea pesa hiyo. Akaosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

"Basi," Fundi alisema. "Ungekuwa na neno, ungesema."

Ijumaa saa tano na nusu mtambo ulikuwa wazi mbele yake, bendera sita zimepangwa, na kando ya kila bendera kisanduku kitupu. Pingamizi lilikuwa tayari, ilibaki kubonyeza. Akalifikiria faili lake. Akazifikiria zile nchi mbili, akasema moyoni lazima mojawapo itajitokeza. Saa sita kasoro dakika tano visanduku vilikuwa bado vitupu, na Bi Rula, aliyetetemesha mameneja miaka yote ile, alikaa ameshika rula kwa mikono miwili. Saa sita kamili yakatokea maneno: Hakuna pingamizi. Taarifa imepitishwa.

Alisikia aibu. Hata hivyo Jumatatu hakumpigia simu mdogo wake.

Wiki ya saba baada ya hapo bango la kijani lilifunga milango katika nchi zote sita kwa siku moja. Bima ya amana ililipa kila mwenye akaunti kiasi ambacho Fundi angeweza kununulia misumari na gundi.

Kwenye kikao cha dharura, mkaguzi mwenzake wa nchi jirani alimfuata penye chai. Alikuwa mzee mpole mwenye mvi.

"Lile ghala hata mimi nililiona," alimwambia kwa sauti ya chini. "Pingamizi niliandika, sikulituma. Nikasema, Bi Rula yupo, yule hawezi kunyamaza."

Jumapili Fundi alikuja. Chai hakuigusa.

"Sijaja kwa ajili ya pesa, dada. Maji yakimwagika hayazoleki. Nina swali moja tu. Siku ile nakaza bawaba hapa, ulikuwa unajua?"

Bi Rula alifungua mdomo. Kiapo kilikuwa hakina kazi tena, benki yenyewe imekufa, na bado neno halikutoka. Fundi alimngoja. Hakumharakisha, hakumkazia macho. Alingoja mpaka chai ikapoa na kufanya utando juu.

Kisha akainuka, akausukuma mlango wa kabati kwa mkono wake wa vidole vitatu kuona kama bawaba imeshika. Ilikuwa imeshika.

"Haya, dada," alisema. "Nimekusikia."