Mtani Aliyeiteka Saa ya Bi Mwaija

Farouk alikuwa na ugonjwa mmoja: kujisifu. Tangu amnunulie mama yake, Bi Mwaija wa Sengerema, saa ya mkononi inayosikiliza moyo, hapakuwa na mtu mtaani kwake Nyegezi aliyepona. Muuza chai kaelezwa. Imamu kaelezwa. Mama akizidiwa, au akibonyeza kitufe, saa inaiita huduma inayoitwa Msaada ndani ya simu yake, na Msaada inampigia Farouk palepale. "Na haijanipigia siku nyingi," alikuwa akisema, kifua mbele. "Mama yangu chuma!"

Kazi yake ilikuwa kompyuta, kwa hiyo tangazo lilimkuta ofisini. Mfumo wa simu unaoendesha saa zile una tundu. Saa ikiita Msaada, mfumo hauulizi anayeitika ni nani hasa. Programu yoyote iliyojiandikisha kwa jina hilo ikawahi, inapewa wito, na ile halali haipati habari. Ni kama kuita "Ngosha!", jina la kila mwanamume wa Kisukuma, pale sokoni Mwaloni: anageuka wa kwanza, unamtwisha gunia, na Ngosha wako yuko zake anakunywa uji.

Farouk akaichungulia simu ya mama kwa mtandao, kutoka mezani kwake. Wee! Mlikuwa na Msaada mbili. Moja aliiweka yeye. Ya pili ndiyo iliyokuwa ikiitika kila wito, na wito ulikuwepo, tena si haba. Kimya chote kile yeye alikiita afya.

Kesho yake akavuka na kivuko cha asubuhi kwenda Sengerema. Alimkuta mama barazani anachambua dagaa.

"Shikamoo mama. Kuna mtu ameiteka saa yako!"

"Marahaba. Namjua," mama akasema bila kuinua kichwa. "Ni mtani."

Mtani mwenyewe akaingia bila hodi: Mzee Shimba, jirani, Msukuma mwenye kitambi na kofia ya pama, ambaye miaka yote hakuchoka kumtania Bi Mwaija kwa Uzaramo wake. Sheria ya utani Farouk aliijua tangu utotoni: mtani akichukua kuku wako, unacheka, unamkomboa, ukinuna, aibu ni yako. Lakini huyu hakuchukua kuku.

"Shikamoo mzee. Kumbe mwizi ni wewe?"

"Marahaba. Mwizi mtafute kwingine, mimi nimeteka mali ya Wazaramo. Komboa!" Akaketi kwenye kiti kizuri kuliko vyote. "Getruda, binti yangu, si ndiye fundi simu? Alisema mlango wa mfumo wenu uko wazi. Nikamwambia aniweke mbele yako."

"Mama angekufa, mzee! Utani gani huo wa kuchezea moyo wa mtu?"

Kicheko kikamwisha Shimba. "Siku ya kwanza saa ilikupigia wewe. Mama yako yuko sakafuni jikoni. Hukupokea. Mimi nilisikia sufuria zinaanguka, nikaruka ukuta, na kitambi hiki. Tangu siku ile ikilia, inalia kwangu."

Farouk aliikumbuka simu ile. Alikuwa kikaoni, akaiona baadaye, akajisemea mama anachezea vitufe. Hata kupiga kuuliza hakupiga. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Unadhani alitulia? Thubutu! Mtu wa kujisifu akiaibika ndipo anapokuwa mkali. Akaichukua simu ya mama, akaweka toleo jipya la mfumo, lile linalodai kila programu ioneshe muhuri wa mtengenezaji. Msaada ya Shimba ikatupwa nje.

"Basi! Tundu limezibwa. Mama, bonyeza uone."

Mama akabonyeza. Wakangoja. Saa ikaandika kwamba inapiga, ikaendelea kupiga. Farouk, magoti yake yakikaribia kugusa ya mama, akawa anatazama huku na huku.

"Inampigia nani?" Shimba akauliza taratibu.

Farouk akatoa simu mfukoni. Jina la mama lilikuwa linawaka kiooni, mlio hakuna. Aliizima sauti kwa ajili ya kikao, wala hakumbuki kikao kipi.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma. Mama alimpapasa goti, akasema, "Si kitu, mwanangu," kwa sauti ileile aliyoitumia zamani akikuta kitanda kimelowa.

Farouk akafungua ukurasa wa watu wa kupigiwa. Ulitaka namba ya wa kwanza, na uhusiano wake na mgonjwa: mtoto, mwenzi au daktari. Jirani hakuwemo, mtani ndiyo usiseme. Akaandika namba ya Shimba, akachagua "mtoto". Yake akaiweka ya pili.

Bi Mwaija akavaa miwani, akasoma, kisha akamgeukia mzee mzima yule.

"Haya, mwanangu, mbona huniamkii?"

Shimba akavua pama, akapiga goti kwa kuugulia. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Na huyu hapa ni mdogo wako. Umfundishe kupokea simu."