Kilo za Maji

Wodi nzima ilimwita Bonge, na mwenyewe alilipenda jina hilo. Kazi ya bucha ilikuwa imemnenepesha mpaka milango ikimwona inajipanga. Kesho yake alikuwa apasuliwe tumbo, kisha arudi kwake. Alikuwa amelazwa pale majuma mengi, mpaka akachokana na dari.

Asubuhi hiyo, siku moja kabla ya kisu, muuguzi alimpandisha kwenye mizani, akatangaza kwamba kilo ni zilezile alizoingia nazo. Mkewe akamshukuru Mungu. Mtaalamu wa lishe, mama mmoja wa makamo, hakuwa na haraka ya kushukuru. Jicho lake lilishaona mabega yaliyochongoka ndani ya shati. Akavuta kiti, akauliza habari za kula. Bonge akajigamba kwamba anakula kama mchwa, na mkewe akadakia kuwa bakuli linarudi tupu kila siku. Jirani wa kitanda cha pili akakohoa, kikohozi cha mtu aliyeshiba.

Mtaalamu akamshika mkono wa juu. Ngozi ikamjaa vidoleni kama kitambaa kilicholegea. Akamwomba amminye kiganja kwa nguvu zote. Bonge akauma meno, akaminya. Mkono ule uliozoea kupasua mifupa ya ng'ombe ulimgusa tu, kama wa mtoto anayeamkia. Kisha mtaalamu akambonyeza mguu juu ya kifundo, akaachia. Shimo la kidole likabaki palepale, utadhani limepanga chumba.

"Baba, kule buchani, nyama ikilowekwa maji, mizani inasemaje?"

Bonge akacheka, halafu kicheko kikamkwama. "Inadanganya."

"Basi na wewe umelowekwa."

Akamweleza taratibu kwamba nyama imemwisha, maji ndiyo yameziba pengo. Huo ni utapiamlo, hata kwa mtu wa umbo lake, na akipasuliwa hivyo kidonda kitagoma kufunga. Bonge akashusha sauti. Mara mbili walimzuia kula kwa ajili ya upasuaji, mara mbili ukaahirishwa, na tangu hapo hamu ya kula ilimkimbia.

"Mama, funika kombe. Wakiahirisha tena nitafia humu."

Maneno hayo yalimuuma yule mama. Akamshika tena mkono. "Nikifunika, baba, ndiyo utafia humu."

Akaenda kumleta daktari wa upasuaji. Daktari alipouona ule mwili akaguna, kwamba huyu naye ana njaa gani. Akaubonyeza mguu mwenyewe, akalitazama shimo, akasema alishwe kwanza, kisu kitangoja.

Bonge akageukia ukuta. Mkewe hakuuliza chakula cha bakuli kilikuwa kikiishia wapi. Alimtazama jirani tu, na jirani akajifunika shuka mpaka kichwani. Kisha mke akamimina uji nusu kikombe, akakaa kitandani.

"Haya, geuka. Leo unakunywa nikikuona."

Bonge alichelewa, lakini akageuka. Akameza funda la kwanza huku akimkodolea mtaalamu jicho la chuki. Mtaalamu akalipokea jicho lile, akavuta kiti karibu, akangoja funda la pili.