Aliyewekwa Kando

Kila mtu aliisifu Mjumbe, na hakuna aliyeitumia. Ukitaka kujua uchungu, tengeneza programu ya simu peke yako, kisha uzunguke nayo nyumba kwa nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi. Watu wetu wa Kongo, wa Uvira na Fizi, ni wapole. Watakupa kiti, watakupongeza, "felisitasio, Annuarite", na watakuwa wameisahau kabla hujafika kwa jirani. Warundi nao watakucheka kidogo na kukuuliza utaolewa lini.

Mjumbe yenyewe haikuwa na makuu. Kikundi kinatunga tangazo moja, nalo linawafikia wanachama wote kwa mara moja. Mwenye simu kubwa analisoma, mwenye simu ya vitufe anapigiwa na kulisikia kwa Kiswahili, hata kama hajui kusoma. Mwanzoni mwa kila tangazo niliweka sauti yangu mwenyewe: "Ujumbe kutoka kwa wenzako." Gharama ya kupiga simu hizo ilitoka kwenye cherehani ya papa, baba yangu mzee Ezechiel, aliyeshona pale barazani huku miguu yake ikivimba kwa presha. Hilo lilininyima raha. Kituo kimoja cha wabunifu huko Area 49, Lilongwe, kiliahidi kunilipia gharama zote kwa mwaka mzima, ila kwa sharti moja: nilete kikundi kinachoitumia kweli, si marafiki wanaonionea huruma.

Marafiki wa kunionea huruma nilikuwa nao tele.

"Usingojee bakiliya hapa," papa aliniambia, sindano mdomoni, akimaanisha wateja. "Nenda kwa bantu benye kuwa na habari za kupeleka."

Ndivyo nilivyokwenda kwa Mama Godelive, mkubwa wa shirika letu, ile jumuiya ndogo ya kanisa inayosali nyumba kwa nyumba. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa tangazo. Ibada imehama, kuna mgonjwa wa kutembelea, kuna kazi ya kufagia kanisa: Mama Godelive alijifunga kitenge akapita kila mlango. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo mashini yako," akasema, "inajuaka kupiga hodi?"

Wamama wakacheka. Mimi pia nikacheka, kwa adabu, ingawa moyoni nilikasirika. Nilidhani ananikejeli. Kumbe alikuwa akiuliza swali, na laiti ningelijibu siku ile.

Walikubali, kwa sababu walinijua tangu utotoni. Walitaka ahadi moja tu: nisisome mambo yao. Nikaahidi, nikaifunga programu hivyo hivyo. Kwenye ukurasa wangu wa fundi ningeona hesabu tu, yaani tangazo limetumwa, wangapi wamelipokea. Maneno na majina ni yao. Wakaingia wanachama arobaini, na kwa idhini yao mimi nikajiandikisha kuwa wa arobaini na moja, nipate matangazo kama mwanachama yeyote.

Wiki mbili nilitembea kambini shingo juu. Halafu René akafa.

René alikuwa mdogo wake Mama Rosette, muuza usipa, vile visamaki vya ziwani, pale sokoni. Alikuwa amelazwa hospitali ya Dowa. Habari ilimfikia kwanza karani wa shirika, naye, kwa nia njema kabisa, akafanya kile nilichomfundisha: akaandika, akatuma kwa wote. Mama Rosette alikuwa anampimia mteja samaki. Simu ikalia, akaiweka sikioni, akasikia sauti yangu changamfu ikisema "Ujumbe kutoka kwa wenzako", kisha akasikia kwamba ndugu yake ametutoka na kwamba wote waje kulia kwake. Alianguka juu ya biashara yake.

Kwetu hata mjinga hafanyi hivyo. Mtu haambiwi kifo kwa simu. Anaambiwa ndugu yako anaumwa kidogo. Wanakuja watu wawili kwa miguu, wanaomba maji, wanauliza habari za watoto, wanahakikisha ameketi na kuna mkono wa kumshika. Hapo ndipo neno linatolewa. Nililijua hilo tangu nilipojijua, na bado nilikaa miezi nikiandika programu ya kupeleka habari bila kulikumbuka hata mara moja. Nilikuwa nawaza kasi.

Jioni Mama Godelive alikuja kwetu. Hakuketi.

"Toa ile kitu ku masimu yetu. Haiko na macho."

"Mama, si programu. Karani ndiye aliyetuma."

"Ni wewe ulimupa."

Wanasema mjumbe hauawi. Lakini niliuawa siku ile, na nilistahili. Alipoondoka nililia kwa hasira, nikimlaumu karani, nikimlaumu yeye, nikiulaumu ulimwengu mzima. Papa aliacha kushona.

"Mama yako alipokufa," akasema, "ulijuaje?"

Nilikuwa na miaka tisa. Papa alikuja kunichukua shuleni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaninunulia Fanta, jambo ambalo hakuwahi kulifanya pia. Tuliketi kwenye jiwe mpaka nikaimaliza. Aliuliza nimejifunza nini siku hiyo, nami nikamsomea shairi zima la darasani. Kisha akaniambia.

"Mi nilijua tangu asubui," papa akasema. "Nilibeba ile habari njia yote, juu we usiibebe mapema. Sasa niambie. Hiyo mashini yako, inaweza kunyamazia muntu moja?"

Niliandika upya kwa siku nyingi. Sasa mwenye kutuma angeweza kumweka mtu mmoja kando: tangazo linakwenda kwa wote isipokuwa yeye, na wote wanaambiwa ni nani aliyetumwa kwake kwa miguu, ili asiwepo wa kumtangulia kwa kiherehere. Aliyetumwa akishafika na kusema, anabonyeza kwamba amefika.

Nilikwenda kumwomba Mama Rosette msamaha. Alinisikiliza, akanipa maji ya kunywa, akaendelea na samaki wake. Nilirudi nyumbani nikiwa mdogo kuliko nilivyokwenda.

Siku chache baadaye Mama Godelive alipita barazani kwetu na wamama wawili, nikawaeleza mabadiliko. Alifikiri sana.

"Kwa ibada na kazi, sawa, turudilie," akasema. "Kwa kifo, hapana. Miguu yangu ingali iko."

Papa akacheka nyuma ya cherehani. "Basi mi nikienda, Mama Godelive, mutumie ile ya mtoto. Anatafuta bakiliya."

Wamama waliangua kicheko. Mimi nilimkemea, nikamwambia achunge mdomo wake. Aliendelea kushona huku mabega yakimtikisika.

Kituo kikaniita Lilongwe. Asubuhi ya safari papa alikuwa amelala ubavu, hajagusa chai, na miguu yake haikuingia kwenye kandambili. Nikasema siendi.

"Uliomba ruhusa ya kutoka kambini, wamekupa, unataka kuitupa? Nenda. Mi niko." Akanyoosha mkono kunionyesha blauzi ya kitenge aliyonishonea, mishono imenyooka kama kawaida yake. "Ukirudi, utaniambia vile balisema."

Nilikwenda. Niliogopa, lakini nilikwenda, kwa sababu kama kituo kingelipa, mzee angepumzika. Hiyo ndiyo hesabu niliyoifanya.

Area 49 kuna nyumba za geti na miti iliyokatwa vizuri. Waamuzi walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa mama mmoja wa Kimalawi mwenye miwani, aliyeuliza maswali ya watu wazima. Ukurasa wangu wa hesabu uliwekwa ukutani, mkubwa, wote wauone. Nikaeleza. Nikafika kwenye kuweka mtu kando, nikaeleza na desturi yetu.

"Hiyo imewahi kutumika?" mama yule akauliza.

"Bado," nikasema. "Wameikataa kwa misiba. Hawajaniamini."

Akaandika kitu. Nilijua kwamba nimeshindwa.

Hapo ukuta ukabadilika. Tangazo jipya limetumwa. Waliopokea: watatu, tisa, kumi na saba. Chumba kizima kikageuka. Namba ikapanda mpaka arobaini, ikasimama, na chini yake, kwa mara ya kwanza tangu niandike mstari ule, ikatokea: aliyewekwa kando, mmoja.

Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahi mpaka sauti ikapanda. Niliwaambia, mnaona, wanaitumia, sasa hivi, kweli kweli! Niliwaambia kwamba kuna mtu mahali fulani ambaye bado hajui, na kuna mwenzake yuko njiani kwenda kwake, na watu wote arobaini wamenyamaza kwa ajili yake. Mwamuzi mmoja akapiga makofi.

"Ni nani huyo?" mama wa miwani akauliza taratibu.

"Majina siyaoni, niliwaahidi. Lakini hata mimi ni mwanachama, tangazo litakuwa limenifikia."

Nikatoa simu kwenye mfuko. Nikaitazama. Nikaizima, nikaiwasha.

Haikuwa na kitu.

Sikumbuki nilisema nini kufunga maelezo yangu. Nilitoka nje nikaketi kwenye benchi karibu na geti. Simu ikaita, alikuwa Mama Godelive.

"Annuarite, mwanangu. Ungali kule?"

"Niko, mama."

"Papa yako anajisikia vibaya kidogo. Usitoke pale. Tuko tunakuja."

"Anaumwa sana?"

"Kidogo tu," akasema, na sauti yake haikutetemeka hata chembe.

"Sawa, mama. Nitawangojea."

Mama wa miwani alikuja kunitafuta. Akasema wamenichagua, hata hawakuhitaji kujadiliana. Nikamwambia zikomo, asante ya kwao. Alinitazama, akaniletea kikombe cha chai. Niliishika mpaka ikapoa. Blauzi ya papa niliyovaa ilinuka mafuta ya cherehani.

Sijui walipata vipi ruhusa ya kutoka kambini haraka hivyo. Walitokea getini wawili, vitenge vimefungwa kiunoni, vumbi mpaka magotini. Mama Godelive alikuwa nyuma. Mbele yake alitangulia Mama Rosette.

Niliinuka kuwakimbilia. Mama Rosette akanyoosha kiganja.

"Ikala kwanza."

Nikaketi. Akaketi kando yangu, karibu, bega kwa bega. Akaomba maji, nikaenda kuyaleta, akanywa. Akaniuliza kama nilisafiri vizuri. Nikasema vizuri. Akauliza kama nimekula. Nikasema bado. Akauliza wale wakubwa wamesemaje kuhusu kazi yangu. Nikamwambia wameikubali. Akasema Mungu ni mwema. Nilijua kila kitu, nikamjibu kila swali, kwa sababu walikuwa wamelibeba neno hilo kutoka Dzaleka na sikuwa na haki ya kuwapokonya.

Kisha akanishika mkono, Mama Godelive akaja upande wa pili, na Mama Rosette akaniambia.

Nililia kama mtu ambaye hakuwa akijua.