Walio Karibu Kwanza

Nilisoma orodha ya shule pale ubaoni mara tatu. Mara ya kwanza haraka haraka, mara ya pili kwa kidole, mara ya tatu kuanzia chini kwenda juu, maana nilijiambia labda macho yamechoka na sindano. Jina la binti yangu halikuwa juu ya mstari mwekundu. Lilikuwa chini yake, la kwanza kati ya walioachwa, namba mia moja ishirini na moja. Nafasi zilikuwa mia moja ishirini.

Na hapo watu walikuwa wananipigia makofi. Makofi kabisa! "Mpisheni Mama Karibu!" alisema muuza magazeti, ambaye mjukuu wake alikuwa namba arobaini. Jirani yangu msusi alinikumbatia kwa mikono yake yenye harufu ya mafuta ya nywele, akaniambia Mungu anilipe. Nilisimama pale nimekumbatiwa, mdomo wazi, kama mtu aliyeitwa harusini akakuta ni msiba.

Mama Karibu ni jina nililopewa mwaka ule kwa sababu ya kelele zangu. Mimi ni fundi cherehani, duka langu linatazamana na shule ya sekondari ya mtaa wetu, na sare zao nimezishona miaka kumi na minne. Miaka yote hiyo nilikuwa naona magari yakisimama asubuhi, yanashusha watoto kutoka vitongoji vya mbali, wakati watoto wa mtaa wetu wanapita mbele ya lango lile lile kwenda kutafuta basi. Utaratibu wa shule ulikuwa hivi: anayeingia kwanza ni yule mwenye kaka au dada anayesoma pale, halafu watoto wa wafanyakazi, halafu wenye alama kubwa. Familia moja ya mbali ikishaingiza mtoto wa kwanza, basi ukoo mzima unafuata. Sisi tuliobaki tunasikia kengele tu.

Nilichukia. Niliandika barua, nikakusanya sahihi, nikaenda kwenye mkutano wa wazazi na bodi ya shule nikapiga meza mpaka bilauri ya mwenyekiti ikamwagika. Nilitaka kitu kimoja: walio karibu kwanza. Mzazi mmoja wakili, baba wa watoto watatu wanaoletwa kwa gari moja, alinigeukia akasema kwa upole, "Lakini mama, wewe mwenyewe una kijana wako kidato cha tatu hapa. Binti yako ameshaingia kwa utaratibu huu huu. Unajikata mwenyewe."

Nilimcheka mbele za watu. Nikamwambia nyumbani kwangu mtu akipiga chafya, mlinzi wa shule anamwambia afya. Ukumbi ukaangua kicheko, kura zikapigwa, tukashinda.

Wakili hakununa. Aliomba tu kiongezwe kifungu kimoja, kwamba mpimaji awe mmoja na kipimo kiwe cha namna moja kwa wote, kuanzia lango ambalo familia hulitumia kila siku mpaka lango kuu la shule, kwa njia ya miguu. Ikigundulika hata nyumba moja imepimwa vingine, vipimo vyote vinatupwa na mwaka huo unatumika utaratibu wa zamani. Sote tulinyoosha mikono. Nani angekataa maneno mazuri kama hayo?

Na mpimaji akachaguliwa mume wangu. Kafanya kazi ofisi ya ardhi tangu ujana, kazi ya kuvuta mnyororo na kusukuma gurudumu la kupimia, lile la mpini mrefu linalohesabu mita linavyozunguka. Mtaani wanamwita Bwana Mita. Akiazima sukari kijiko kimoja anarudisha kijiko kimoja, kimekatwa kwa kisu juu. Hata wakili alisema huyo hana neno naye.

Kwa hiyo nilipoinua macho tena kwenye ile orodha, nilitazama safu ya mita. Binti wa msusi, namba tisini na saba, mita mia nane sabini na nne. Binti yangu, mita mia tisa ishirini na moja. Ukuta wa chumba cha msusi ndio ukuta wa jikoni kwangu. Akikaanga vitunguu mimi natoka machozi. Hizo mita zingine zimetoka wapi?

Nilimkuta mume wangu uani anapangusa gurudumu kwa kitambaa. Nilisimama mbele yake, sikumsalimu.

"Umetupima kuanzia wapi?"

Alijua. Nilimwona anajua, maana aliendelea kupangusa mahali palipokwisha kung'aa.

"Lango la nyuma," alisema.

"Lango la nyuma lipi?"

"Letu. Tuna lango la nyuma."

"Anapita nani pale, baba? Panapita maji machafu na paka! Wewe mwenyewe kufuli lake limekufa kwa kutu, juzi umelipiga nyundo. Wengine wote umewaanzia wapi?"

"Mbele."

"Na sisi?"

Akaweka kitambaa chini. "Mke wangu, watu wangesema. Wewe ndiye uliyeleta sheria, mimi ndiye mpimaji, mtoto ni wetu. Nikaona bora tujibane kidogo kuliko kusemwa. Nilipiga hesabu kwa waombaji wa mwaka jana, wa mwisho angekuwa mita elfu moja na zaidi. Nilijua tutaingia tu."

Hakuhesabu kwamba sheria ikishatangazwa, watu watahama. Ndani ya wiki mbili vyumba vyote karibu na shule vilipangishwa, hadi stoo ya muuza mkaa ilitiwa kitanda. Mstari ukasogea karibu. Wa mwisho kuingia alikuwa na mita mia tisa kumi na tatu.

Nilikaa chini pale pale sakafuni. Nimeolewa na mtu huyu miaka ishirini na miwili na sikuwahi kumwogopa, lakini siku ile niliogopa uaminifu wake. Kama angeiba, ningejua la kumfanya. Huyu alikuwa amemwibia mtoto wake ili asionekane mwizi!

"Nilikuwa naosha vyombo," sauti ikasema nyuma yetu. "Nilimwona anaanza pale. Nilidhani anajaribu gurudumu."

Alikuwa binti yetu amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Tunamwita Chiriku, kwa sababu tangu alipojifunza kusema hatujapumzika. Ana miaka kumi na mitatu. Hakuuliza kitu. Alirudi ndani, nikasikia anaiweka ile sufuria mahali pake, taratibu, jambo ambalo si kawaida yake.

Anayekosa shule yetu hupelekwa shule ya ng'ambo ya barabara kuu, kilomita kumi na moja, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Mabinti watatu wa mtaa wetu walianza kule. Mmoja tu ndiye aliyemaliza. Ndiyo maana nilipiga ile meza tangu mwanzo, nisije nikasahau kusema.

Kesho yake asubuhi nilijaza fomu ya malalamiko: umbali wa nyumba yetu si sahihi. Nilimwambia mume wangu, "Utakwenda utasema kama ulivyoniambia mimi. Tutarudishwa mahali petu, namba tisini na kitu. Atoke huyo wa mia na ishirini, ambaye hata simjui." Alikubali kwa kichwa. Chiriku tulimchukua kwa sababu fomu inataka mwombaji awepo.

Ofisi ya mkuu wa shule ni ndogo, kabati mbili za faili na feni inayolialia. Mkuu wa shule ni mama mtu mzima, mwenye subira, miwani yake imefungwa kwa uzi. Pembeni yake alikaa mjumbe wa bodi wa kusikiliza malalamiko, kalamu tayari. Alikuwa yule wakili wa mkutanoni.

"Karibuni," alisema. "Mama, umeandika umbali si sahihi. Si sahihi kivipi?"

Nilifungua mdomo, na mkuu wa shule akanyoosha mkono.

"Ngoja kwanza, mama. Kabla hujasema chochote nataka uelewe, kwa sababu kikishasemwa hapa kinaandikwa." Akavua miwani. "Kama mpimaji alikosea kusoma namba, hilo ni kosa la kalamu, narekebisha sasa hivi. Lakini kama nyumba yako ilipimwa kwa namna tofauti na wengine, ni kile kifungu. Vipimo vyote vinaanguka. Orodha inatakiwa ofisi ya elimu kesho, siwezi kupima nyumba mia tatu arobaini kwa siku moja. Tutarudi kwenye utaratibu wa mwaka jana."

"Ambao," wakili akasema, na hata hakutabasamu, "unamwingiza binti yako moja kwa moja. Ana kaka yake hapa."

Feni ikalia. Nilimtazama mkuu wa shule nikitumaini atasema ni mzaha. Mtoto wangu anaingia. Mjukuu wa muuza magazeti anatoka, binti wa msusi anatoka, karibu wote walionipigia makofi jana wanatoka, na yale magari yanarudi kusimama mbele ya duka langu. Na ni mimi ningekuwa nimefanya hivyo, kwa fomu niliyojaza kwa mkono wangu.

"Kwa hiyo nauliza," wakili akaendelea, sasa akimtazama mume wangu. "Mzee, kwenye nyumba yako, gurudumu uliliweka wapi?"

Nitasema ukweli, kwa kuwa nimeshafika hapa. Sikunyamaza kwa ajili ya mtaa. Ningeweza kusema, "Tumekosea, tunaondoa malalamiko," nikainuka. Sikuinuka. Nilinyamaza kwa sababu nilijua mume wangu hajui kusema uongo, na nilikuwa namsubiri aseme yeye, ili mtoto aingie na lawama isiwe yangu. Mimi, Mama Karibu! Nilijiona hivyo waziwazi, nimeketi na mkoba mapajani, na nilishtuka kuliko nilivyoshtuka ubaoni.

Mume wangu alivua kofia. Akakohoa kidogo.

"Mimi nilikuwepo," Chiriku alisema.

Wote tuligeuka.

"Alianzia lango la nyuma," akasema. "Ndilo tunalotumia."

"Kila siku?" wakili akauliza.

"Kila siku. Mama anaweka vitambaa vyake pale mbele, hapapitiki. Sisi wote tunapita nyuma."

"Na kaka yako?"

"Naye."

Hakumeza mate, hakukwepa macho. Mtoto ambaye akivunja kikombe anakwambia kabla hujaingia ndani. Wakili alimtazama kwa muda, kisha akamtazama mume wangu, ambaye alikuwa ameganda na kofia kifuani. Halafu akanitazama mimi.

"Mama, ni kweli?"

"Ndiyo," nilisema. Sauti ilitoka kama si yangu.

"Basi kipimo kiko sawa na cha wengine," mkuu wa shule alisema haraka, akagonga muhuri juu ya fomu yangu kabla mtu hajapumua. Malalamiko yamekataliwa. Aliponirudishia nakala alikuwa ameshafunga faili, na mpaka leo sijui alikisia kiasi gani.

Nje jua lilikuwa kali. Nilinyoosha mkono nimshike bega Chiriku, akalikwepesha.

"Mwanangu," baba yake alianza, "kwa nini..."

"Ningeingia peke yangu mtaa mzima, baba. Ningepitaje pale nje kwao kila asubuhi na sare?"

"Ungeniachia mimi niamue," nilisema. "Mimi ndiye mama."

"Ulikuwa unaamua nini? Ulikuwa umenyamaza."

Tulitembea kidogo. Msusi alikuwa ng'ambo ya barabara, akanipungia mkono na kuniita kwa furaha, nikampungia nami. Nilitamani ardhi inimeze.

"Baba alikuwa anaogopa kusemwa," Chiriku alisema, safari hii kwa sauti ya juu, watu wakageuka. "Wewe una mkutano wako na sheria yako. Hakuna mtu aliyeniuliza mimi nataka nini. Hata siku moja!"

"Ulikuwa unataka nini, mama?" baba yake akamuuliza, kwa ile sauti ya kumbembelezea alipokuwa mdogo.

Alitutazama kama watu waliouliza swali la kijinga.

"Kuingia," alisema. "Nilikuwa nataka kuingia."

Halafu akaanza kulia. Alilia kwa mwili mzima, katikati ya njia, mbele ya shule, na kengele ya mapumziko ikagongwa, na watoto wakaanza kumiminika uwanjani. Baba yake akasogea upande mmoja na mimi upande mwingine, mikono tumeinyoosha, na hakuna kati yetu aliyejua pa kumshika.