Ungamo la Siagi

Siagi ilizikwa Jumatano saa saba mchana, nyuma ya ukumbi wa kulia chakula. Wanafunzi sitini na mbili walitoka mezani kwa mstari, kofia mkononi, nyuso zimekunjwa kama wafiwa wa kweli, wakiimba wimbo wa msiba. Aliyetangulia alikuwa Jotham Wickes, kijana wa mwaka wa mwisho, mrefu kama upondo, amebeba bakuli la siagi ndani ya sanduku la mishumaa. Kaburini alihutubu kwa Kilatini. Kisha, kwa kuwahurumia wa mwaka wa kwanza ambao Kilatini chao kilikuwa bado kinachechemea, akasema kwa lugha ya mama zao:

"Ndugu wafiwa, marehemu alikuja kwetu akiwa mzee tayari. Tulimpaka kwenye mkate, mkate ukakataa."

Mjane Achsah Pelham, aliyepika katika chuo kile cha Massachusetts, Marekani, kwa miaka kumi na tisa, aliyaona yote kwa dirisha la jiko. Alicheka mpaka akashika meza asianguke.

Alhamisi hakucheka. Walimu walikaa baraza, wakapitisha hukumu ileile ya siku zote: mkosaji asimame kanisani Jumamosi mbele ya chuo kizima, asome kwa kinywa chake ungamo aliloandikiwa na walimu. Asiposoma, afungashe virago. Na Jotham alibakiza wiki saba tu apate shahada. Baba yake kule milimani, ambaye shamba lake lilizaa mawe kuliko viazi, alikuwa ameshaanza kuwaambia majirani.

Jioni kijana alikuja mlango wa jikoni kurudisha bakuli.

"Umemfukua marehemu?" Achsah akamuuliza.

"Bakuli tu, mama. Mwenyewe nimemwacha apumzike. Mbwa alikuja kumtazama, akanusa, akaenda zake."

"Na hilo ungamo?"

Jotham akatoa karatasi mfukoni. "Kwamba nilivuruga chakula, kweli. Kwamba nilifanyia mzaha maziko ya Kikristo, kweli, na nitasoma kwa sauti. Lakini sikiliza la mwisho: 'Nami nakiri kwamba siagi ya chuo ilikuwa nzuri na safi.'"

"Mwanangu, soma upate shahada yako. Mungu anaijua ile siagi. Harufu imeshamfikia."

Jotham alicheka, lakini kichwa akakitikisa. "Ndiyo maana siwezi, mama. Nikamdanganye nyumbani kwake?"

Akaaga, akaenda kutafuta kamba ya kufungia sanduku lake.

Achsah alibaki na bakuli mkononi, na uso unamwaka kwa aibu. Maana yeye alijua jambo ambalo kijana hakulijua. Bwana Goss, mnunuzi wa chakula cha chuo, alikuwa amemwamuru aandae siagi mbili: meza ya walimu iwekewe ile ya ng'ombe wa Mkuu wa chuo, wanafunzi wapelekewe ya pipa. Walimu walipoapa kuwa siagi ni nzuri hawakudanganya, masikini. Waliapia ya kwao. Naye Achsah, majuma matatu, kwa mkono wake mwenyewe, alizipanga sahani na kufunga mdomo, kwa sababu Goss alimwambia, "Mjane asiye na kazi ni mjane mara mbili."

"Basi na niwe mara mbili," alisema Ijumaa mchana, akabadilisha sahani.

Mkuu wa chuo, Mchungaji Ozias Lathrop, mzee mwenye nyusi kama fagio mbili, aliomba baraka, akapaka mkate wake kwa ukarimu, akauma. Mwalimu wa Kigiriki, aliyetangulia kuuma, alikuwa tayari amekimbilia dirishani. Mkuu hakukimbia. Alikuwa amewafundisha vijana miaka thelathini kwamba chakula kilichoombewa hakitemwi, basi akatafuna. Machozi yalimlengalenga. Akatafuna. Akameza. Ukumbi mzima ukasikia tonge likishuka.

"Mama Pelham," akasema alipopata sauti, "hii imetoka wapi?"

"Kwenye pipa la wanafunzi, Mheshimiwa. Ya ng'ombe wako nimewapa wao. Leo wanadhani Pasaka imefika mapema."

"Na siku zote?"

"Siku zote, kinyume chake. Bwana Goss aliamuru, mimi nikapanga."

Mkuu akakitazama kipande kilichobaki. Akakila chote. Achsah akaenda kukusanya masufuria yake mawili, akijua kazi imekwisha.

Jumamosi alisimama mlangoni mwa kanisa la chuo, aproni bado kiunoni. Jotham aliitwa mbele. Akapewa karatasi, akasoma makosa yake kwa sauti iliyofika darini, bila kujikunja. Alipofika mwisho akanyamaza. Mstari ule ulikuwa umefutwa kwa wino mzito, na chini yake pameandikwa kwa mkono mwingine.

"Huo si wako," Mkuu akasema. Akashuka mimbarini, mzee yule ambaye hakuna aliyewahi kumwona akishuka katikati ya ibada, akasimama bega kwa bega na mwanafunzi wake, akasoma:

"Nami, Ozias Lathrop, nilishuhudia uzuri wa siagi nisiyoionja, nikataka kijana atie jina lake kwenye uongo wangu. Nakiri kosa."

Achsah alijiambia kwamba wakubwa wengi amewapikia, lakini mkubwa ndiye huyu.

"Bwana Goss amekwishaondoka," Mkuu akaendelea. "Funguo za stoo atashika Mama Pelham, naye akinyamaza tena nitamsomesha ungamo hapahapa. Wewe Wickes, sheria ni sheria. Ulivuruga chakula. Wiki sita utakaa kijijini kwa Mchungaji Beals, usome chini yake. Ya saba urudi uchukue shahada yako."

"Asante sana, Mheshimiwa," Jotham akasema.

"Usinishukuru. Hujamsikia Beals akihubiri."

Achsah akaikunja aproni, akaiuma kwa meno yote aliyobakiza, asije akacheka katika nyumba ya Mungu.