Matawi ya Minyaa Kwenye Pwani ya Singida

"Kwa mamlaka makubwa iliyojipatia kutoka mbinguni, duniani na ofisi ya michezo, Kamati Kuu ya Njia, Ramani na Mishale inautangazia ulimwengu kwamba leo Jumamosi, saa mbili kamili asubuhi, zinafunguliwa rasmi Mbio za Baiskeli za Pwani ya Singida! Kilomita thelathini na mbili za ufukwe! Njia tambarare kama meza ya mkuu wa shule!"

Ulimwengu wenyewe ulikuwa wanafunzi mia mbili waliosimama juani. Kamati Kuu ilikuwa na mjumbe mmoja, Gervas wa kidato cha tatu, mwenye ndoo ya chokaa na brashi iliyobaki nywele saba. Bahari ilikuwa mbali kwa safari ya basi ya kutwa nzima. Hiyo pwani ilikuwa ukingo wa ziwa la chumvi nje ya Mwankoko, ambalo kwa kiangazi cha Septemba lilikuwa limerudi nyuma na kuacha uwanda mweupe unaong'aa kama sahani.

Watu walicheka. Afisa michezo wa mkoa, aliyekuja kuchagua wachezaji, alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Akamwambia mwalimu wa michezo, "Mwalimu Editha, huyu asiondoke hapa. Atangaze mwanzo mpaka mwisho."

"Umesikia, Gervas? Usibanduke kwenye hicho kipaza sauti."

Gervas, aliyekuwa ameinama kupokea makofi kama waziri anayeapishwa, alibaki ameinama. Mahali pekee alipotakiwa kuwa asubuhi ile ni kwenye njia panda ya ziwani, mwendo wa nusu saa kwa njia ya mkato.

Alfajiri ile alikuwa amekwenda huko na mzigo wa matawi akayalaza barabarani. Kila mtu aliyekulia kando ya barabara anajua maana ya matawi yaliyolazwa njiani: mbele kuna gari limeharibika au njia imefungwa, pita kwingine. Gervas aliyalaza kwenye njia ya kushoto, ile ya udongo mgumu, njia halali, kisha akaufukia mshale wake wa chokaa kwa vumbi. Kulia kulibaki wazi, na kulia, nyuma ya mabua marefu ya mtama, ni uwandani. Ukiutazama uwanda ule utadhani lami nyeupe. Ukiuingia, baada ya hatua mia chumvi inapasuka na chini yake kuna tope jeusi lisilomwachia mtu kiatu.

Aliyekusudiwa ni Clement, kaka mkuu, mtoto wa mjini, mwenye baiskeli ya gia ishirini na moja. Clement ndiye aliyemripoti Gervas kwa kosa la kumvalisha mbuzi wa mpishi tai ya shule. Tena ndiye aliyeiita baiskeli ya Scola jeneza lenye magurudumu. Katika mazoezi yote Clement aliwaacha wenzake nyuma kwa dakika kumi nzima. Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi: Clement anafika peke yake, anazama, Gervas anatoka kwenye mabua ya mtama alikojificha, anaondoa matawi, wengine wanapita salama. Na Scola anashinda.

Scola alikuwa wa kidato cha nne. Kila siku kabla ya kengele alipeleka maziwa ya baba yake mpaka mtaa wa Mandewa kwa baiskeli nzito ya chuma isiyo na gia hata moja, kisha ndipo akaja darasani. Watatu wa kwanza leo wangeingia timu ya mkoa. Wenzake wote walikuwa na mwakani. Yeye mwakani hatakuwa mwanafunzi.

Filimbi ikalia. Baiskeli kumi na nne zikaondoka na vumbi lao.

"Mwalimu," Gervas alisema akiwa ameziba kipaza sauti kwa kiganja, "naomba ruhusa ya kwenda chooni."

"Choo kile pale. Nakuona kutoka hapa. Nenda urudi."

Alikwenda, akarudi. Mwalimu Editha alimwona kwenda na kurudi.

"Jicho lako limefanya nini? Jekundu hivyo."

"Vumbi, Mwalimu."

Angeweza kusema wakati ule. Kulikuwa na pikipiki ya afisa pale, dakika kumi tu mtu angefika njia panda. Alifungua mdomo, na kilichotoka ni utani kuhusu nyangumi walioonekana Mwankoko. Watu wakacheka tena. Aliposikia wanavyocheka alijua kwamba hatasema, na kwamba kila dakika anayokaa kimya inaifanya ya pili yake kuwa ngumu zaidi. Akajipa moyo. Clement atatangulia. Clement hutangulia siku zote.

Baba yake Scola, Mzee Mughwai, alikuja akitembea kwa miguu, dumu la maziwa kila mkono, kwa sababu baiskeli ilikuwa mbioni. Akayatua chini ya meza ya kipaza sauti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayejua mambo ya njia. Ya wangu ikoje?"

"Nzuri, mzee. Tambarare."

"Vizuri. Leo nimemwambia asibebe chochote. Nimemwambia, leo jibebe mwenyewe tu." Mzee akacheka kidogo, akatazama mwisho wa barabara, na tangu hapo hakutazama pengine.

Saa nne kasorobo vumbi likaonekana. Gervas akalikodolea jicho lake zima, akiomba iwe baiskeli nyeusi ya chuma. Ilikuwa ya gia ishirini na moja.

"Nambari moja," alitangaza, "Clement."

Clement alishuka, akajimwagia maji kichwani. "Leo yule binti aliniacha mapema sana," alimwambia afisa akihema. "Cheni ilinitoka nikasimama. Halafu kule njia panda nikakuta matawi barabarani."

"Matawi? Ukafanyaje?"

"Nikanyanyua baiskeli nikayaruka. Mimi siendi kuchafua baiskeli kwa chumvi kwa sababu ya majani. Na wenzangu nyuma wakafuata alama zangu." Akageuka huku na huko. "Kwani Scola yuko wapi? Si alikuwa mbele?"

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa Gervas kikinguruma chenyewe.

Nambari mbili akafika, kisha nambari tatu. Afisa akaandika majina matatu, akapiga mstari chini yake. Wa nne, wa tano, wa tisa. Gervas aliwataja wote. Hakuwahi kutaja majina ya watu kwa adabu namna ile maishani mwake. Alipomtaja wa kumi na tatu, Mzee Mughwai alimgusa begani.

"Mwanangu, jina la wangu limekupita?"

"Bado, mzee."

"Bado," mzee alirudia, kama mtu anayepewa dawa.

Afisa alikuwa ameshapanda pikipiki na kuondoka, majina matatu mfukoni, Scola alipotokea. Alitembea. Baiskeli ilikuwa begani kwa sababu magurudumu yalikuwa yamejaa tope likakauka na chumvi, hayazunguki. Miguu yake ilikuwa myeusi mpaka mapajani, na kiatu kilikuwa kimoja. Kwenye keria alikuwa amefunga tawi.

Aliilaza baiskeli taratibu mbele ya baba yake.

"Nisamehe baba. Nimeiharibu."

"Ulipita wapi?"

"Kulikuwa na matawi. Wewe ulinifundisha nisivuke matawi. Nikapita kulia, nikazama. Nilipojinasua nikarudi kwenye matawi, nikaenda mbele kulitafuta hilo gari, labda dereva ameumia. Nimetafuta sana, baba. Hakuna gari." Akamgeukia Mwalimu Editha. "Nimeleta tawi moja, Mwalimu, msije mkasema nimetunga."

Mzee Mughwai alilifungua lile tawi, akalivunja. Maziwa meupe, yale yanayounguza macho, yakachuruzika.

"Huu mnyaa," alisema. "Miaka arobaini nachunga ng'ombe kule ziwani. Kule hakuna mnyaa hata mmoja, chumvi hairuhusu. Huu umebebwa."

Hakupandisha sauti. Alitazama ua wa shule, ulioota minyaa kutoka getini mpaka jikoni. Karibu na choo palikuwa na pengo lenye upana wa mlango, na vishina vilivyokatwa vilikuwa bado vinadondosha maziwa. Mwalimu Editha naye akalitazama pengo. Kisha akatazama shati la Gervas, lenye madoa ya utomvu yaliyoanza kuwa meusi kifuani, pale mtu anapokumbatia mzigo. Kisha jicho.

"Gervas," alisema. "Vumbi?"

Wanafunzi mia mbili wakageuka kulitazama shati lile. Scola peke yake hakuelewa upesi. Alimtazama Gervas kama mtu anayengoja rafiki yake amtetee.

"Kamati Kuu ya Njia..." Gervas alianza, na kipaza sauti kikaibeba sauti yake mpaka barabarani, ambako hakukuwa na vumbi tena la pikipiki. Alitaka kukizima, kidole hakikupata kitufe.

"Hakuna kamati," alisema. "Ni mimi. Matawi niliyakata mimi. Nilimtegea Clement, na nilijua tangu saa mbili kwamba siwezi kwenda kuyaondoa, na nikakaa hapa nawachekesha. Scola, ni mimi."