Kilungya na Kichaka cha Nyati

Mimi kukaa kitako sijui. Mama alikuwa akisema nilizaliwa njiani, ndiyo maana nyumba hainishiki. Kwa hiyo niamini nikikuambia kwamba asubuhi ile nilipokaa chini, nilikaa kwa taabu.

Musembi, kitinda mimba wangu, alikuwa amempiga nyati mshale wa sumu katika shamba letu la pojo. Nyati huyo alitoka mbugani usiku akafyeka nusu ya shamba. Mshale ulimwingia tumboni, mahali pabaya, naye akatokomea kwenye kichaka kando ya korongo. Kwa upande wetu kichaka hicho kina njia moja tu. Nilipofika, Musembi na rafiki yake Mbuvi walikuwa wakijaza mishale podoni. Walitaka kuingia pale pale, kabla askari wa wanyamapori hawajapata habari.

Nikamkumbuka Kilungya.

Ujanani nilibeba bunduki za wageni kwenye safari za uwindaji, kabla serikali haijazipiga marufuku. Kilungya ndiye aliyetuongoza porini. Alikuwa mfupi, mwenye maneno mengi, hodari wa kusoma nyayo. Mgeni akijeruhi nyati, yeye alifika penye damu ya kwanza, akaketi, akatoa kichupa cha ugoro. Haondoki hapo mpaka ameridhika. Mimi nilihangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia, naye akanicheka: "We Muthengi, kaa. Una siafu kwenye suruali?"

Alitufundisha kwamba nyati aliyeumia hurudi nyuma akajibanza kando ya nyayo zake mwenyewe, akimngoja anayemfuata. Ukimpa muda, ama atakufa, ama atachoka kungoja. Mara nyingi tuliingia tukakuta patupu, mnyama kashakwenda zake, na wageni wakamtukana. Hakujali.

Halafu siku moja mgeni alimwita mwoga mbele ya wapishi, nao wakacheka. Kilungya akarudisha kichupa mfukoni bila kukifungua, akaingia. Tulimtoa kwa blanketi. Nimemkasirikia tangu siku hiyo. Alijua yote, akafa kwa ajili ya kicheko cha wapishi.

Hayo nilimweleza Musembi haraka haraka. Akanijibu kwamba hadithi za wazungu wangu amezisikia tangu hajaota meno.

Basi nikaketi pale njia inapoingia kichakani, nikanyoosha miguu yote miwili mpaka upande wa pili. Kwetu Ukambani mtoto haruki miguu ya mzazi wake. Hata mlevi huzunguka, na pale pa kuzungukia palikuwa miiba mitupu. Majirani walikuwa wameshaanza kukusanyika.

"Baba, toa miguu."

"Niruke."

"Usinifanyie hivi mbele ya watu, baba."

"Si una haraka? Miguu ni hii, Musembi. Niruke."

Mbuvi akadakia, "Kumbe jamaa hajaachishwa ziwa. Ungetuambia mapema, tungekuja na mama yako."

Watu wakacheka. Nilikijua kicheko hicho, na nilikiogopa kuliko nyati. Musembi akainua mguu mmoja. Nilimtazama usoni. Akaushusha.

Tulikaa hapo mpaka jua likawa utosini. Magoti yaliniuma, mgongo ukaniwasha, kila jani lililotikisika lilinitaka niruke nikimbie. Nilishika nyasi kwa mikono miwili nisiondoke.

Mwishowe niliwaachia wapite. Hawakukuta kitu. Nyayo zilipita moja kwa moja, zikatokea ng'ambo na kushuka korongoni kurudi mbugani. Hapakuwa na mahali popote alipojibanza. Mbuvi alilalamika njia nzima kwamba nyama imetuponyoka kwa sababu ya ugoro wa marehemu.

Musembi hajanisamehe. Sokoni wanamtania mpaka leo, na posa aliyokuwa akiitengeneza kwa kina Mbuvi imelala. Kila asubuhi anapita uani kwangu kwenda shambani bila salamu. Mke wangu ananisihi nimwite tuyamalize. Nitamwita nimwambie nini? Labda nimemwokoa, labda nimemwaibisha bure, na hakuna atakayejua. Mimi huamka mapema, nikasimama mlangoni nikimngoja, na akishapita amenuna, mzima, ndipo roho yangu hutulia.